Deheni, Mawese na Mbalamwezi: Utunzaji wa Uso wa Chombo katika Ufuko wa Kaskazini wa Ziwa Tanganyika

Yameandikwa mengi juu ya vyombo vya majini vya Afrika ya Mashariki: namna vinavyoundwa, njia vinazopita, shehena vinazobeba na watu walioviongoza. Machache yameandikwa juu ya kazi inayoanza siku chombo kinaposhushwa majini na isiyokwisha mpaka siku kinapovunjwa kuwa kuni. Hiyo ni kazi ya kukisugua, kukikwangua, kukikalafati na kukipaka. Ni kazi ya mikono, hufanywa chombo kikiwa hakisafiri, na aghalabu hufanywa na watu wasiokuwa manahodha wala wenye chombo. Labda ndiyo sababu imesahauliwa. Hata hivyo, chombo ambacho uso wake haukutunzwa hakina historia ndefu ya kuandikwa.

Makala haya yanaichunguza kazi hiyo katika ufuko wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, tangu Kalundu na Uvira hadi mdomo wa Mto Ruzizi, pamoja na uwanda wa Ruzizi ulio nyuma ya ufuko huo, ambamo umo mji wa Sange. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba Kiswahili kilifika ziwani kikiwa kimebeba ufundi uliozaliwa na bahari ya chumvi, nao ufundi huo ulijikuta mahali ambapo misingi yake miwili mikubwa haikuwepo. Mafundi wa ziwa walilazimika kuujenga upya kwa vitu walivyokuwa navyo. Walivyoujenga, na kilichotokea baadaye walipokuja wenye boti za chuma na boti za starehe, ndilo somo lenyewe.

Hapana budi kwanza kueleza kwa nini Sange itajwe kabisa, kwa kuwa Sange haina ufuko. Mji huo uko katika nchi ya Wafuliiru, kwenye barabara ya taifa nambari 5 inayokwenda kutoka Uvira hadi Bukavu, na asimamaye sokoni pake hawezi kuliona ziwa. Lakini ufuko wa ziwa hauishi peke yake. Pamba inayozibia nyufa za mashua hailimwi mchangani, na pipa la mafuta au kopo la rangi halikuokotwa majini. Vitu hivyo hupita uwandani. Katika enzi ya Wabelgiji wakulima wa uwanda wa Ruzizi walilazimishwa kulima pamba, na reli nyembamba iliunganisha bandari ya Kalundu na Kamanyola mpaka ilipofungwa mwaka 1958. Tangu hapo barabara imebeba kila kitu. Anayetaka kujua chombo cha Uvira kinapakwa nini na aulize malori yanashusha nini.

Ufundi wa pwani

Katika pwani ya Waswahili, adui wa chombo yumo ndani ya maji yenyewe. Yuko mdudu wa bahari, laini kama funza, ambaye huingia katika ubao akiwa mdogo asiyeonekana, akatoboa njia ndani kwa ndani, hata ubao ukabaki mzima kwa nje na tupu kwa ndani. Wako pia viumbe wenye magamba wanaojishikiza chini ya chombo na kukifanya kizito kama mzee aliyefungwa mawe. Dhidi ya hawa, wanamaji wa Bahari ya Hindi walikuwa na dawa iliyojulikana kuanzia Ghuba hadi Sofala, nayo ni deheni: chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, ikapakwa kwa kiganja cha mkono sehemu yote ya chombo inayozama. Sehemu ya juu ya maji, inayopigwa na jua, ilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa au ya samaki wengine, ambayo harufu yake iliwatangulia mabaharia kufika mjini.

Maneno yenyewe yanaonyesha asili ya elimu hiyo. Deheni inatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupaka mafuta. Shahamu na sifa ni za Kiarabu pia. Na kalafati, yaani kazi ya kuziba viungo vya mbao kwa pamba iliyotiwa mafuta, ni neno ambalo ndugu zake wanapatikana katika lugha za Bahari ya Kati yote. Hata mtepe, chombo kisichokuwa na msumari, kilichoshonwa kwa kamba ya nazi, kilihitaji mafuta ili kamba zake zisioze. Marco Polo, akivieleza vyombo vya kushonwa vya Hormuz katika karne ya 13, alitaja kwamba vilipakwa mafuta ya samaki. Alividharau sana vyombo hivyo, lakini juu ya mafuta hakukosea.

Jambo la pili, na pengine ndilo kubwa zaidi, ni kwamba bahari humpa fundi karakana bila malipo. Mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya bamvua hupanda sana na kupwa sana. Chombo huletwa ufukoni maji yakiwa yamejaa, hutegemezwa kwa magadi ya miti pande zote mbili, na maji yanapoondoka hubaki kimesimama pakavu. Hapo mafundi hukwangua, hupitisha moto wa makuti chini yake ili kumwua mdudu na kukausha ubao, huziba nyufa, kisha hupaka deheni kabla maji hayajarudi. Kazi nzima hupangwa kwa saa za maji. Hapana haja ya kamba nene wala ya watu mia moja. Mwezi ndio unaoinua chombo na mwezi ndio unaokishusha.

Ziwa lisilopwa

Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwanzoni mwa mwaka 1858, walikuta ziwa lenye mitumbwi mingi na dau moja tu la kutajwa. Dau hilo lilikuwa la Sheikh Hamed bin Sulayim, mfanyabiashara aliyekuwa katika kisiwa cha Kasenge karibu na ufuko wa magharibi. Speke alivuka ziwa mwezi wa Machi kwenda kulikodi, akarudi mikono mitupu. Hatimaye wasafiri hao wawili walikwenda Uvira kwa mitumbwi, wakafika tarehe 26 Aprili 1858, na huko wakaelezwa kwamba Ruzizi unaingia ziwani wala hautoki, jambo ambalo Livingstone na Stanley walilithibitisha kwa macho yao mwezi wa Novemba 1871.

Katika vitabu, safari ya Uvira hukumbukwa kwa sababu ya mto. Kwa somo hili, kilicho muhimu ni tofauti baina ya dau la Kasenge na mitumbwi iliyokwenda Uvira. Dau lilikuwa chombo cha mbao zilizounganishwa, mwana wa bahari. Uhai wake ulitegemea viungo kuzibwa. Mtumbwi ulikuwa gogo moja lililochimbwa, na magogo makubwa yalitoka katika misitu ya Ugoma, katika milima ya ufuko wa magharibi. Gogo halina viungo. Hatari yake ni mpasuko, unaokuja pale ambapo upande mmja umelowa na upande mwingine umeanikwa juani. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya kutunza mtumbwi ni kinyume kabisa na sheria ya dau: usiuache ukauke upesi. Utawekwa kivulini, au utafunikwa majani, au utaachwa na maji kidogo ndani yake. Mgeni akiona mtumbwi umejaa maji ufukoni hudhani umetupwa, kumbe umehifadhiwa.

Lugha za ufuko huo zilikuwa na jina la chombo hicho kabla Kiswahili hakijafika. Kifuliiru husema bwato na Kirundi ubwato, mzizi ulioenea katika lugha nyingi za Kibantu. Kiswahili kilipofika na misafara ya waungwana na wafanyabiashara wa Ujiji, na baadaye na utawala wa Rumaliza, kilileta mtumbwi, mashua na dau, na pamoja navyo kikaleta msamiati wa ufundi. Lakini msamiati hauji na mdudu wake. Yule mtoboaji wa mbao za baharini hawezi kuishi katika maji yasiyo na chumvi, wala wale wenye magamba ya kunga'ang'ania. Ziwa Tanganyika, pamoja na ukubwa wake wa kilomita za mraba zipatazo 32,900 na kina cha mita 1,470, halina hata mmoja wao. Deheni, iliyokuwa nguzo ya utunzaji wa chombo pwani, ilikosa kazi. Hilo ndilo neno ambalo halikupata makao ufukoni, ilhali kalafati ilibaki na kazi yake, kwa sababu kiungo cha mbao huvuja katika maji yoyote.

Maadui wa ziwa ni wengine. Wa kwanza ni ukungu unaoozesha mbao kwenye mpaka wa maji na hewa, hasa mahali ambapo maji ya mvua hutuama ndani ya chombo. Maji ya mvua huozesha kuliko maji ya ziwa, neno ambalo wengi hulisikia kwa mashaka mpaka wafunue sakafu ya mashua yao. Wa pili ni jua. Wa tatu ni ukoga, ule utelezi wa kijani unaoota chini ya chombo na kukipunguzia mwendo, ambao huondoka kwa kusuguliwa ukiwa bado mbichi, lakini ukiachwa ukauke hushika kama gundi. Wa nne ni wa ziwa hili hasa. Maji ya Tanganyika yana magadi na madini mengi, na uchungu wake wa chumvichumvi hupimwa kufikia karibu 9 katika kipimo ambacho maji safi ya kawaida huwa 7. Tone likikauka juu ya rangi huacha doa jeupe, na madoa yakirudiwa huwa gamba. Sabuni hailitoi. Hutolewa na kitu kikali cha asili ya tindikali, kama maji ya ndimu au siki, kisha pakaoshwa upesi, kwa kuwa ndimu iliyoachwa juu ya chuma huanza kazi yake yenyewe.

Tena ziwa halipwi. Maji yake hupanda wakati wa masika na kushuka wakati wa kiangazi, tofauti ikiwa kwa kawaida chini ya mita moja kwa mwaka mzima. Kinachofanywa na bamvua kwa saa sita, ziwani hufanywa na mabega ya watu. Kupandisha mashua kubwa kwenye mchanga wa Uvira ni shughuli ya watu wengi wanaovuta pamoja, magogo yakiwekwa chini ili itelezeshwe. Na watu wengi wanahitaji kulishwa au kulipwa. Hapa ndipo penye mzizi wa jambo linaloonekana leo kama uzembe: chombo cha ziwani husafishwa mara chache kuliko cha pwani, si kwa kuwa mwenyewe ni mvivu, bali kwa kuwa kila usafishaji una gharama ya watu.

Lakini mwezi haukuondoka katika kalenda. Uvuvi wa usiku katika ziwa hili hutegemea mwanga. Zamani ulikuwa moto wa kuni uliowashwa katika mtumbwi huku mvuvi akichota ndagala kwa lusenga. Tangu miaka ya 1950 zilikuja taa za karabai na mitumbwi iliyounganishwa miwili miwili. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wa taa haumvuti samaki tena, na wavuvi hupumzika kwa siku kadhaa. Siku hizo ndizo za kushona nyavu, kugeuza mashua na kuziba nyufa. Kwa hiyo fundi wa Lamu na fundi wa Uvira, ambao hawakuonana kamwe, wote hutazama mwezi kabla ya kushika patasi. Wa Lamu anangoja maji yaondoke. Wa Uvira anangoja samaki wakatae kuja. Tofauti ni kwamba bahari humpa fundi nafasi mbili kila mwezi, ziwa nafasi moja.

Mawese mahali pa sifa

Pwani kulikuwa na nazi na papa. Ufuko wa Tanganyika una michikichi. Mawese yalikuwa bidhaa ya soko la Ujiji tangu kabla ya wageni wa Ulaya, na miteremko ya Uvira na Fizi ina michikichi vilevile. Fundi wa ziwa hukalafati kwa pamba iliyolowekwa mawese, akiisindilia katika kiungo kwa tindo butu na nyundo, kisha huifunika. Kifuniko chenyewe hubadilika kwa nyakati. Nyufa nyingi siku hizi hufunikwa kwa ukanda wa bati uliokatwa kutoka kwenye debe, ukapigiliwa misumari midogo iliyokaribiana.

Mawese yana sifa njema ambayo haikusudiwi na aliyeyakamua: hayagandi kuwa magumu upesi kama mafuta ya rangi, hivyo pamba hubaki laini ubao unapovimba na kusinyaa. Yana ubaya pia. Huliwa na panya, huvutia wadudu, na juani hutiririka. Mtu atakayelinganisha mawese na sifa atakubali kwamba kwa harufu ziwa limeshinda, na kwa kudumu pwani imeshinda.

Chuma na grisi

Chuma kilifika kwanza kwa vipande. Nahodha Edward Hore wa Jumuiya ya Wamisionari ya London, aliyefika Ujiji mwezi wa Agosti 1878, alileta baadaye mashua ya chuma iliyosafirishwa kwa vipande kutoka pwani, na mwaka 1885 ikashushwa majini meli ya jumuiya hiyo iliyoitwa Good News. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaleta vyombo vya aina mbili zilizo kinyume. Waingereza walizileta Mimi na Toutou, boti mbili za mwendo kasi zenye urefu wa futi 40 na mbao za mkangazi, zilizoundwa na kiwanda cha Thornycroft, zikavutwa mwaka 1915 kwa treni, kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe na kwa mabega kupitia Katanga hadi Lukuga. Ni boti za umbo ambalo wakati wa amani lingemfaa tajiri wa Mto Thames kwa matembezi ya Jumapili. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Mbao nyembamba namna hiyo zinapokaa miezi juani bila kugusa maji husinyaa, na viungo hufunguka. Chombo cha aina hiyo hakiwezi kushushwa tu kama gunia.

Upande wa pili ilikuwako Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg na kiwanda cha Meyer, ikasafirishwa kwa maelfu ya makasha na kuungwa tena Kigoma, ikashushwa majini mwezi wa Februari 1915. Wajerumani walipoondoka Kigoma mwaka 1916, mafundi wake waliamriwa waizamishe. Wao wakafanya jambo ambalo fundi yeyote wa deheni angelielewa bila kufafanuliwa. Kabla ya kuifungulia maji tarehe 26 Julai, waliipaka mitambo yake grisi nzito kila mahali, ili siku moja iweze kuinuliwa. Meli ilikaa chini ya ziwa, mbali na jaribio la Wabelgiji lililoiinua kwa muda, mpaka Waingereza walipoitoa mwaka 1924. Mitambo ilikutwa ikiwa katika hali ya kutengenezeka. Mwezi wa Mei 1927 ilianza kazi kwa jina la Liemba, na iliendelea kubeba watu kwa zaidi ya miaka tisini. Mwaka 1997 ilibeba maelfu ya wakimbizi waliorudishwa nyumbani Kongo.

Masimulizi mengi huitaja grisi kama werevu wa Wajerumani. Ilikuwa werevu, lakini nusu ya sifa ni ya ziwa. Maji yasiyo na chumvi ya bahari hula chuma polepole sana kuliko maji ya bahari, na grisi ile ile katika ghuba ya Tanga isingetosha. Meli hiyo ilihifadhiwa na mkono wa fundi na tabia ya maji kwa pamoja.

Boti za starehe na mikono iliyozitunza

Katika enzi ya ukoloni uliingia ufukoni utunzaji wa namna ambayo haikuwepo, utunzaji kwa ajili ya kutazamwa. Kama Dar es Salaam ilivyokuwa na klabu yake ya matanga tangu mwaka 1933, ndivyo Usumbura, ng'ambo ya pili ya mdomo wa Ruzizi, ilivyopata Cercle Nautique yake, mahali ambapo Wazungu wa mji waliweka boti na kunywa wakiangalia milima ya Uvira ikizama katika giza. Boti ya aina hiyo haibebi ndagala. Haina budi kung'aa.

Kung'aa kuna kanuni zake. Ubao husuguliwa kwa msasa mkubwa kisha mdogo, kila mara kwa kufuata nyuzi za mti; hufutwa vumbi; hupakwa vanishi, ambayo Wakongo huiita verni kwa kufuata Kifaransa; huachwa ikauke; husuguliwa tena kidogo ili tabaka jipya lishike; na hayo hurudiwa mara tano au zaidi. Karibu na ikweta jua halingoji. Vanishi ambayo Ulaya hudumu miaka, hapa hupauka na kuanza kubanduka mapema zaidi, na ikishaacha upenyo mdogo maji huingia chini yake na kuufanya ubao uwe mweusi. Mwenye boti ya vanishi katika nchi ya joto amejifunga kwa kazi ya kila mwaka. Tofauti na mvuvi, ambaye hutaka maji yasiingie tu, yeye hutaka pia mti uonekane.

Lakini amejifunga yeye, au amemfunga mwingine? Katika utaratibu wa kikoloni, aliyevuta tanga siku ya Jumapili hakuwa yule aliyeshika msasa siku ya Jumatatu. Mafundi na vibarua wa ufukoni walijifunza kanuni za tabaka na msasa kwa kuamriwa, na wakaziongeza juu ya elimu waliyokuwa nayo ya pamba na mawese. Katika karakana za bandari walijifunza pia kupiga chuma nyundo ili kutu ianguke, na kupaka rangi nyekundu ya risasi kabla ya rangi ya juu. Hakuna aliyewaambia kwamba vumbi la rangi hiyo ni sumu kwa anayelivuta. Majina yao hayamo katika daftari za klabu. Elimu yao ilibaki katika maneno: msasa, tindo na kalafati upande mmoja, verni na gudroni upande wa pili. Lahaja ya fundi wa Uvira ni kumbukumbu ya waajiri wake wote.

Uhuru ulipokuja mwaka 1960 na maasi ya 1964 yalipoutwaa mji wa Uvira, starehe ya majini ilikoma upande wa Kongo, na vita vilivyoanza katika eneo hilo hilo mwezi wa Oktoba 1996 havikuiacha irudi. Mafundi walibaki na mashua za wavuvi na za abiria. Ufundi wa kung'arisha uligeuka kuwa ufundi wa kurefusha maisha.

Barabara ya Sange

Ufundi huo wa kurefusha maisha ndio unaoturudisha uwandani. Rangi ya dukani ni ghali. Mafuta machafu ya injini, yale yanayotolewa lori linapobadilishiwa oili, hupatikana kwa bei ndogo au bure, nayo yamekuwa dawa ya mbao katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki: huzuia maji, huchukiwa na mchwa, na hayahitaji ujuzi wa tabaka. Kila lori linalopita Sange kati ya Bukavu na Kalundu ni chemchemi ndogo ya mafuta hayo.

Watu wa Sange wanajua bei nyingine ya mafuta ya barabarani. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka mjini humo likashika moto. Watu zaidi ya 230 walikufa, wengine wakiwa wamekuja kuchota mafuta yaliyomwagika, wengine wakiwa wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Tukio hilo si sehemu ya historia ya vyombo. Linatajwa kwa sababu linaonyesha thamani ya lita moja ya mafuta katika uwanda ule, na kwa nini ni vigumu kumwambia mtu ayamwage yaliyokwisha kutumika badala ya kuyapaka.

Hata hivyo mafuta machafu si mawese. Yana madini yaliyosagika kutoka katika injini, na hayakauki kuwa ngozi; huoshwa kidogo kidogo na kila wimbi. Mashua hupakwa pale pale ufukoni, hatua chache kutoka mahali ambapo ndoo za maji ya nyumbani huchotwa. Uvira ni mji ambao kipindupindu hakijauacha kwa miongo mingi, na wakazi wake wengi hutegemea maji ya ziwa na ya mito. Tena ziwa lenyewe halijioshi: mlango wake wa kutokea ni Lukuga peke yake, na maji yanayoingia hukaa humo kwa karne kadhaa. Kitu kilichopakwa Uvira na kutumbukia majini hakina pwani ya kukipeleka mbali. Mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika, uliotiwa sahihi na nchi nne tarehe 12 Juni 2003, unazibana serikali zizuie uchafuzi. Haukumpa mwenye mashua kitu cha kupaka mahali pa oili.

Bahari nazo zilipitia suala hilo kwa upande wa matajiri. Rangi za kuzuia magamba zilizotiwa sumu ya bati zilipigwa marufuku na mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika Septemba 2008, baada ya kugunduliwa kwamba ziliwadhuru konokono na chaza. Rangi zenye shaba bado zinauzwa. Boti ya starehe inayoletwa Tanganyika ikiwa imepakwa rangi hiyo hubeba sumu dhidi ya viumbe ambao ziwani hawamo, na kuidondosha mbele ya samaki na konokono ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Kwa ukoga wa ziwa, brashi laini na mkono kila baada ya wiki kadhaa hutosha. Boti za plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, ambazo sasa zimezoeleka, hazihitaji zaidi ya kuoshwa, kutolewa gamba jeupe, na kupakwa nta ili jua lisiufanye uso wake utoe unga kama chaki.

Mahali pa kuifanyia kazi hiyo ndipo palipobadilika. Kuanzia mwaka 2020 ziwa lilipanda kuliko kawaida yake, na mwaka 2024 likapanda tena, likaingia katika nyumba na barabara za Uvira, Kalundu na Bujumbura. Mchanga uliokuwa ukipandishiwa mashua ulifunikwa. Mwezi uliendelea kupevuka na wavuvi wakaendelea kupumzika siku zake, lakini penye ufuko mfupi mashua ilikaguliwa ikiwa majini, fundi akizama hadi kifuani na kupapasa viungo kwa vidole chini ya mstari wa maji, akitafuta mahali ambapo pamba imelegea.